Mfupa Nilioutupa

Kwako Sifa, uliye chumba cha pili, nami nakuandikia kana kwamba uko ng'ambo ya ziwa,

Nakusikia unavuta zipu ya lile sanduku kubwa. Inakwama, unairudisha, unavuta tena. Ningeweza kuinuka nikabisha mlango wako. Ni hatua sita tu, na wiki hii nimezitembea mara nyingi, lakini kila nikifika mlangoni naishia kuuliza kama umekula. Umekula, najua, mama yako hawezi kukuacha ulale na njaa. Basi nimekaa hapa jikoni na daftari nililonunua kwa ajili ya mahubiri, na kalamu nimeishika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinalala kama mlevi. Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho.

Sitakuandikia mambo ya koti, wala ya kufunga mlango, wala ya vijana wa Louisville. Hayo mama yako ameshayasema, na mama mdogo atakayekupokea kule atayarudia mpaka uyachoke. Kaka yako Byamungu atakungoja kituoni Columbus kesho jioni, utalala kwake Whitehall, na keshokutwa atakuendesha mpaka Louisville. Yote yamepangwa na hakuna hata moja linalonihitaji mimi. Lililobaki ni langu peke yangu. Nimekaa nalo miaka minane bila kumwambia mtu, hata mama yako.

Ni habari ya yule kuku.

Najua umeshamkumbuka. Lakini nivumilie kidogo, maana sisi watu wa Fizi hatuwezi kusema jambo bila kupitia kwa babu kwanza.

Babu yako alikuwa muunga mifupa, na baba yake vilevile, na baba wa baba yake. Hilo umelisikia tangu unanyonya. Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, alibebwa kwenye machela mpaka kwetu. Babu aliomba maji ya vuguvugu, mafuta ya mawese, na kitenge. Kitenge hicho alikitandaza juu ya mahali palipovunjika na juu ya mikono yake mwenyewe, kisha akafanya kazi chini yake, macho ameyafumba. Nilipokuwa mdogo nilidhani anamfunika mgonjwa asiogope. Kumbe alikuwa anaficha mikono, ili mtu asije kumwibia ujuzi kwa macho. Nilipofika miaka kumi na mitatu alinishika mkono siku moja akauingiza chini ya kitenge, akakiweka kidole changu gumba juu ya mguu wa mtu nisiyemjua. Chini ya ngozi nikasikia kitu kama mchanga uliolowa ndani ya mfuko. Babu akasema, "Sikia." Hakusema angalia. Na kwa miaka miwili iliyofuata hakuniongezea maneno mengi kuliko hilo.

Halafu kulikuwa na kuku. Siku ya kuunga mfupa wa mtu, babu alimvunja kuku mguu wa upande uleule, akamfunga kwa vijiti vya mianzi na kamba za mgomba kama alivyomfunga mgonjwa. Kuku aliachwa uani. Siku alipokanyaga na kuchakura udongo, mgonjwa naye aliambiwa ajaribu kusimama. Kuku ndiye aliyekabidhiwa mwanafunzi. Kuku wangu wa kwanza na wa pili tuliwala wakiwa vilema. Wa tatu alitembea, na tangu hapo watu wakaanza kuniita kwa jina la babu.

Aliyenishikia wale kuku wasirukeruke alikuwa shangazi yako Nyota, dada yangu mkubwa. Siku moja alimuuliza babu kwa nini mkono wake yeye hauingii chini ya kitenge. Babu hakukasirika. Alimjibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha: "Mukono ya binti iko ya kwa bwana yake." Maana yake, ataolewa, ataondoka na ujuzi wetu, na kesho wagonjwa wetu watakuwa wanabisha kwenye uzio wa ukoo mwingine. Nyota hakuuliza tena. Na mimi, nikuambie kweli, nilifurahi. Mtoto wa kiume akipewa kitu ambacho dada yake mkubwa amenyimwa, hutembea kama jogoo, na mimi nilitembea hivyo mpaka Amerika.

Vita na kambi unavijua, vingine umeviona kwa macho yako. Tulipopata hii nyumba ya hapa mtaa wa Black Rock, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya ngazi zake zilizopinda, nilifurahia gereji kuliko vyumba. Watu wakaanza kuja. Waliteguka kwa barafu, waliumia migongo kwa kubeba maboksi, watoto walianguka baiskeli. Aliyevunjika kabisa nilimwambia aende hospitali kwanza, sikuwa mjinga. Lakini kabla hajaenda walinitaka nimguse, niwaambie kama ni kuvunjika au kuteguka, na mara zote nilisema sawasawa. Pasta alikuwa akinitania kwamba mimi ni eksirei isiyolipiwa umeme.

Byamungu alipofika miaka kumi na mitano nikaona wakati umefika. Nikaenda duka la kuku hai, nikanunua mmoja mweupe, nikamleta ndani ya boksi kwenye kiti cha nyuma. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, umekaa kando yake, umeshampa jina kabla hatujafika nyumbani. Ulimwita Madamu, kwa sababu alikuwa anakuangalia kama mwalimu mkuu. Ukauliza atalala wapi. Nikalibeba boksi mpaka gerejini.

Unakumbuka nilifunga mlango wa gereji, mimi na Byamungu ndani. Wewe ukabisha. Ukasema, "Papa, na miye naweza ingia?" Nikakupa jibu la babu, neno lilelile, sikubadilisha hata sauti. Mtoto wa miaka kumi na miwili, viatu vinawaka taa ukitembea, na mimi nakuambia habari za nyumba ya mume. Ulijibu neno moja la Kiingereza, la kukubali, ukaenda kukaa kwenye ngazi.

Ndani mambo hayakuwa mazuri. Kaka yako alitapika nilipovunja ule mguu. Alipomfunga, alifunga kama mtu anayefunga zawadi, kamba zimelegea, vijiti vinacheza. Nilimwachia, kama babu alivyoniachia mimi, aone kosa lake mwenyewe. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba na kuwa mweusi, na mimi nilikuwa nimeshamkatia Madamu tamaa.

Siku ya nne asubuhi nikamkuta amefungwa upya. Vile vijiti vya mianzi vimewekwa kando, mahali pake pana vijiti vya aiskrimu vilivyosuguliwa ncha, na kamba ni kipande cha kitenge cha mama yako kilichochanwa chembamba. Nikapitisha kidole chini ya kamba. Nafasi ilikuwa ileile inayotakiwa, ya kupitisha ukucha na si kidole. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Jumapili ile, baada ya ibada, nilisimama katikati ya wanaume nikasema damu haipotei, angalieni mwanangu. Byamungu aliangalia viatu vyake. Nikasema pia kwamba ni mnyenyekevu.

Siku ya kumi na tisa Madamu akakanyaga. Akasimama juu ya ule mguu, akaanza kuchakura sakafu ya sementi kana kwamba kuna wadudu. Nikawaita wote. Nikamkumbatia kaka yako, huyo unayemwita yaya. Ndipo uliposema, si kwa kiburi, ulisema kama mtu anayerudisha kitu kilichookotwa: "Papa, haiko yaya njo alifungaka ile kuku. Njo miye."

Byamungu akavuta pumzi. Nadhani alikuwa anangoja mtu amtue ule mzigo. "Njo vile, papa," akakubali. "Sifa njo alifunga."

Mpaka leo nikiwa peke yangu natengeneza majibu niliyoweza kukupa. Ningeweza kucheka. Ningeweza kukaa kimya tu, hata hilo lingetosha. Badala yake nilisema, "Kuku hii haihesabike," nikaenda kuchukua kisu. Kwa desturi yetu kuku aliyeungwa na mkono usioruhusiwa anafutwa, yaani anachinjwa na hahesabiwi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba babu hakuwa gerejini na hakuna mtu katika mji huu mzima ambaye angeniuliza. Nilimchinja Madamu siku ileile. Hukulia mbele yangu. Mama yako akampika na ndizi, na wewe ukasema tumbo linauma.

Sasa ndio nafika kwenye ambalo hulijui.

Mezani nilichukua ule mguu. Nilikuwa na hasira, nilitaka kuumaliza. Nikatafuna nyama mpaka mfupa ukabaki mweupe, na kidole changu kikaenda chenyewe kutafuta mahali palipovunjika, kwa mazoea, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka. Mfupa ulioungwa huwa na fundo. Hata kazi nzuri ya babu ilikuwa na fundo, ungeweza kulishika gizani. Nilipita mara moja sikuliona. Nikapita mara ya pili. Mara ya tatu ndipo nikapata kitu kidogo, kama mahali kalamu iliposimama kidogo kabla ya kuendelea. Mfupa ulikuwa umenyooka. Sifa, nimeshika mifupa tangu nina miaka kumi na mitatu, na sijawahi kushika muungano kama ule. Babu hakuwahi kuufanya. Mimi sijawahi kuukaribia.

Mama yako aliniona nimeuinua kwenye mwanga. "Iko nini?" akauliza. Nikasema hakuna. Nikauzungushia karatasi ya kufutia mikono, nikatoka nje nikautupa kwenye pipa la taka, chini kabisa, nikafukia na mifuko. Siku ile zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yako. Niliogopa utaushika.

Hilo ndilo. Labda kwa miaka yote hii umejiambia kwamba baba yako ni mtu wa zamani, hakuelewa, mila zilimfunga macho. Ningependa iwe hivyo. Lakini nilielewa vizuri kuliko mtu yeyote. Mila iliniambia binti hawezi, mfupa ukaniambia binti amekuzidi, nami nikachagua kuamini mila kwa sababu iliniacha mimi kuwa wa kwanza. Nimeona aibu kila Jumapili wanaponipongeza kwa kukulea. Bado naiona sasa hivi ninapoandika.

Ningeweza kusahihisha kesho yake. Ningeweza mwaka uliofuata. Nilikuwa na miaka sita kamili mikono yangu ikiwa mizima, nikijiambia bado mdogo, bado ana shule, bado Byamungu anaweza kubadilika. Byamungu alibadilika kweli, akahamia Whitehall kufanya kazi ghalani, akanunua gari.

Halafu ile mashine kiwandani. Hakuna wa kulaumiwa, niliingiza mkono huu wa kulia mahali ambapo tumekatazwa, nikitaka kuwahi. Madaktari waliuokoa, wakaweka vyuma, na vidole vinafunga na kufungua, nashukuru. Ila gumba na viwili vinavyofuata havisikii. Ulianza kunipoozea chai kabla ya kunipa, bila kusema, baada ya kuona nimeshika kikombe cha moto na sijakiachia. Nilijua umeona. Nikajifanya sijui kwamba umeona.

Watu wengine niliwaficha. Kitenge kilinisaidia. Kile kilichowekwa ili watu wasiibe ujuzi kilifaa sana kuficha kwamba haupo. Nilikuwa nafumba macho kama babu, nauliza mgonjwa aliangukaje, namtazama usoni akiumia, na ninabahatisha. Kwa mwaka mzima na zaidi nilibahatisha vizuri.

Mpaka Mzee Elia. Ulinipeleka wewe, mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya tatu, majirani wote wamejaa kwenye kochi. Ameteleza kwenye ngazi yenye barafu. Nikatandaza kitenge, nikaweka kidole juu ya kifundo chake, na ilikuwa kama nimegusa mguu wa meza. Kimya. Watu wananingoja. Nikasukuma zaidi, mzee akalia, na bado kwangu hakukuwa na kitu. Basi nikasema, "Haikuvunjika. Imeteguka tu." Nikamkanda na kumfunga, wakanishukuru, wakanipa soda.

Kwenye gari, tulipofika Niagara Street, ulisema polepole, "Papa, ile muguu imevunjika." Ulikuwa umekaa ng'ambo ya chumba, huna kitenge, hujamgusa, umeona tu jinsi wayo ulivyolala. Nikakujibu, "Weye unajua nini mu mambo ya mifupa?" Ukawasha vifuta kioo, ukaendesha mpaka nyumbani.

Mzee Elia aliukanyaga ule mguu siku kumi na mbili kabla mjukuu wake hajampeleka hospitali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa mkuu ndiye hakusikia, na guu likawa la mzee wa watu. Sasa anatembea na fimbo. Nilikwenda kumwomba radhi, akanishika mabega, akaniambia, "Bon, Mungu njo anaungaka, weye ni mukono tu." Alinisamehe upesi hivyo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba siku ile ndani ya chumba kulikuwa na mtu anayejua, na mtu huyo nilimnyamazisha. Tangu siku hiyo kitenge nimekikunja na simgusi mtu.

Nilimpigia simu Byamungu. Nikamwambia aje hata wikendi mbili kwa mwezi, nimwelekeze. Nikasikia televisheni yake. "Papa," akasema, "miye sikufungaka ile kuku. Unajua. Donc juu ya nini unaniita miye?" Nikamuuliza hali ya kazi, akanijibu, tukaagana.

Ndipo nikakujia wewe, unakumbuka, mwezi wa pili, baada ya kazi yako. Nikaweka mkono huu mezani nikasema unauma, nikandie kidogo. Kweli ulikuwa unauma, lakini sikuwa nimekuja kwa ajili ya maumivu. Nilitaka kuona vidole vyako vitakwenda wapi. Uliuangalia muda mrefu. Halafu ukasema, kwa upole ambao ningeuvumilia zaidi kama ungekuwa hasira, "Miye sijue ile kazi, papa." Ukaniletea dawa ya maumivu na glasi ya maji.

Nimeyatafuna maneno yale tangu siku ile. Pengine ni kweli hujui, kilichokuwa mkononi mwako kilikauka kwa kukosa mtu wa kukimwagilia. Pengine unajua na hukutaka kunipa. Nimegeuza pande zote mbili, na kila upande nakuta ni mimi niliyeulima.

Wiki mbili baadaye ukatuambia habari za Louisville, kwamba umepata nafasi ya kusomea kupiga picha za mifupa hospitalini. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nilisema vizuri, nikaenda gerejini nikapanga vitu vilivyokwisha pangwa. Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Lakini iliniuma pia, kwamba utakaa kwenye chumba cha watu wengine, uangalie kwa mashine kile ambacho kingekuwa chini ya kidole chako, na hakuna atakayekuuliza wewe ni binti wa nani. Wivu wa mzee ni kitu kibaya. Nimeuona mwenyewe, haupendezi.

Usiku huu nilikaa hapa nikiwa na nia moja, nikuandikie kazi yote. Nilidhani nitakupa kwenye karatasi, uende nayo. Nimechana kurasa nne. Niliandika: weka gumba juu ya mfupa, shuka polepole. Polepole kiasi gani? Niliandika: bonyeza mpaka usikie. Usikie nini? Mchanga, lakini si kila mara mchanga, mara nyingine ni kama mlango usiofunga vizuri, mara nyingine ni ukimya ambao si ukimya wa mfupa mzima. Unaona? Babu hakuwa na maneno kwa sababu hakuyahitaji, aliweka mkono wake juu ya wangu na kubonyeza. Mkono wangu sasa hauwezi kubonyeza wako na kujua umefika. Kazi ya watu wanne waliozaliwa mmoja baada ya mwingine imekwama kwenye daftari la mahubiri, na mimi sina la kufanya. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekaa nayatazama tu sakafuni.

Kwa hiyo sikupi kazi, kwa kuwa siwezi. Wala sikuombi uibebe. Nilitaka tu ujue kilichokuwa kwenye ule mfupa, kwa sababu ni chako, na mimi nilikuwa nimekichukua. Kama siku moja utakuwa na mtoto, au mwanafunzi, au mtu yeyote mdogo wako akakuzidi, nakuomba umwambie siku ileile, mdomo ukiwa bado una mafuta. Ukingoja kesho yake utakuwa umeshapata sababu.

Sijui kama utanisamehe. Ukifanya upesi kama Mzee Elia sitajua nikae wapi. Usipofanya pia nitaelewa, ila nitaumia.

Basi lako linaondoka saa nne asubuhi. Mama yako ataamka saa kumi na mbili kukukaangia maandazi. Mimi nitakuwa nimekaa hapa mezani kabla yake, nimekunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Mkono huu ulivunjika mahali pawili na umeungwa na watu wenye vyuma. Ni mfupa wa kweli, uko hai, na ni wa mtu ambaye hataenda kumwambia mtu yeyote. Ukipita moja kwa moja na sanduku lako, nitainuka nishike upande mmoja, tushuke zile ngazi, na sitauliza kitu. Lakini ukikaa, ukaweka kidole chako gumba hapo, ujue kwamba sitaweza kukuambia kama umepatia au umekosea. Upande huo sisikii. Itabidi wewe uniambie mimi.

Papa